Kumfuata Nkambo Mpala na Kamera

Wenzangu wa darasa, safari hii ilianza kwa sababu ya picha mbaya. Babu yetu alipofariki hapa Kongolo, alikokuja kutibiwa, ilitakiwa picha ya kutangulia mbele ya sanduku la maiti, kama mnavyojua desturi yetu: mtoto mmoja wa familia anaishika kifuani, na marehemu anaonekana kama anaongoza msafara wake mwenyewe. Tulipekua mabegi yote, tukakung'uta Biblia, tukainua magodoro. Babu alikuwa na picha moja tu duniani, ile ya kadi ya uchaguzi. Na ninyi mnazijua picha za kadi ya uchaguzi: hata bibi harusi anatoka kama mtu aliyekamatwa akiiba mbuzi wa jirani. Walipoikuza, babu akawa mweusi kama chini ya sufuria, macho mawili meupe yakituuliza tumemfanya nini. Mimi ndiye niliyeibeba. Njiani nikasikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Kumbe alikuwa mwizi?"

Mama yangu alisikia pia. Alingoja mpaka matanga yalipokwisha na viti vya kukodi vikarudi kwa mwenyewe. Hapo akamwita mdogo wake.

"Kabwe, weye njo fundi wa foto. Papa amekwenda na ile sura. Mama bado iko Mpala. Sitaki hii haya mara ya pili."

Mujomba Kabwe alitazama viatu vyake. Amepiga harusi, ubatizo, timu za mpira na hata ng'ombe wa padri, lakini mama yake mzazi hajawahi kumpiga. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu alikuwa hajawahi hata kushika wembe nyumbani kwao. "Mama anakataa," akasema. "Kila mara anakataa."

"Basi uende na Georgette. Huyu, mama hamukatalii kitu."

Georgette ni mimi. Nilikuwa likizo, sina uzito wa kuiumiza pikipiki, na mdomo wangu ulikuwa unachosha nyumba nzima. Nafikiri sababu ya tatu ndiyo iliyoamua.

Asubuhi ya kuondoka, tulifunga kwenye pikipiki ya Mujomba mashine ndogo ya kuchapisha picha, betri, na shuka moja kubwa lililochorwa maghorofa na bustani ya maua. Hilo ndilo pazia lake la studio. Ukisimama mbele yake unakuwa umefika Ulaya bila kuombwa viza. Juu ya vyote nikapanda mimi. Lualaba ikabaki nyuma yetu, na daraja lenu mnalojisifia nalo likawa dogo kama kichana.

Barabara ya Nyunzu siwezi kuieleza mbele ya watoto. Mahali ilikuwa mchanga, mahali mashimo, mahali magogo matatu yaliyojiita daraja. Mujomba alikuwa anasimama kila kijiji kikubwa, anatundika shuka kati ya miti miwili, na watu wanatoka. Ana koti moja la buluu la kupigia picha. Mwanaume anafika na singlendi, anavaa koti, anakunja uso kama waziri, paa, anavua, anamwachia mwenzake. Kwenye kijiji kimoja chifu mwenyewe alisubiri zamu ya koti nyuma ya fundi baiskeli. Mkizunguka nyumba za kule mtakuta ukoo mzima ukutani, baba, wana na wakwe, wote ndani ya koti moja. Kazi yangu ilikuwa kushika shuka lisipeperuke na kuwachekesha waliokauka. Ya pili niliifanya kupita kiasi, na bwana harusi mmoja akatoka mdomo wazi kama samaki.

Nyunzu tulilala kwa rafiki wa Mujomba. Kesho yake nilikula vumbi zaidi kuliko bukari, ugali wetu.

Jua likianza kushuka, kabla sijaona chochote, nikasikia harufu. Ndagala! Ndagala, dagaa wa ziwani, wakikauka juani. Ninyi wa Kongolo mnaziba pua, najua. Mimi nilizaliwa Kalemie, na nilipokuwa darasa la tatu la msingi papa yangu, mtu wa reli, alihamishwa kikazi, tukapakiwa kwenye treni pamoja na kuku. Sikuwa nimerudi mpaka siku ile. Harufu ile iliniingia puani ikashuka mpaka magotini. Halafu barabara ikapinda, na ziwa likawa pale, limejaa upande mmoja wa dunia.

"Unalia?" Mujomba akauliza kwenye kioo.

"Vumbi."

"Vumbi la wapi, vumbi tumeliacha nyuma."

Kalemie tulipaswa kulala usiku mmoja tu, lakini karatasi nzuri ya picha na wino vinakuja na boti za Kigoma, na boti ilikuwa haijafika. Basi nikapewa mji wangu bure. Tulifikia kwa Mama Zaituni, jirani yetu wa zamani, ambaye babu zake walikuja huku na biashara za ziwani. Kiswahili chake kimenyooka, hata matusi yake unaweza kuyasoma msikitini.

"Jamani, Georgette! Umerefuka hivi, nani amekupa ruhusa?" Akanishika mashavu. "Na huyu Kabwe bado hajaoa? Anasubiri wanawake waishe?"

Asubuhi nilikwenda peke yangu kwenye nyumba yetu, kwenye mistari ile ya nyumba za watu wa reli. Nilikuwa nimeikumbuka kubwa. Kumbe ningeweza kugusa bati nikiruka. Kwenye ngazi ya mlango alikaa mtoto wa kike wa miaka kama sita, miguu inaning'inia, anakula andazi kwa kulizungusha, pembeni kwanza, katikati mwisho. Mimi pia nilikuwa ninakula hivyo, pale pale.

"Unatafuta nani?" akaniuliza kwa ukali.

"Namutafuta Georgette."

Alifikiri vizuri. "Hapa hakuna Georgette."

"Alikuwa anakaa hapa."

"Basi amehama," akasema, akauma katikati ya andazi lake.

Mimi nina jibu la kila mtu, mwulizeni mwalimu wetu wa hesabu. Pale niligeuka tu, nikashika njia niliyojia. Nilimwonea wivu mtoto asiyekuwa hata na meno ya mbele.

Mchana Mujomba alinikuta ufukweni. Ziwa limepanda tangu tulipohama. Uwanja wetu wa mpira wa mchangani, mahali kaka zangu walipovunjana miguu kila Jumapili, umo ndani ya maji. Milingoti ya goli moja bado imesimama, mawimbi yanapita katikati yake yanafunga mabao bila kipa. Mujomba alipiga picha nyingi. Mwishowe akasema, "Hapa njo nilifunga bao moja katika maisha yangu."

"Moja tu?"

"Na lilikuwa la kujifunga."

Tulicheka, halafu tukakaa tukitazama maji yanavyolicheza goli lile. Mabehewa kule stesheni yalikuwa yamesimama kama tulivyoyaacha, winchi za bandarini zilikuwa zimeinamisha shingo kama zamani. Mji haukuwa umenisahau kwa ubaya. Ulikuwa na shughuli zake tu.

Jioni, kwenye mkeka wa Mama Zaituni, tulimweleza sababu ya safari. Akasikiliza huku anachambua mchele.

"Sisi hatutangulizi picha," akasema. "Mume wangu alipofariki, kila aliyekuja alikuja na neno lake. Mmoja akasema, marehemu alikuwa anaiba kwenye karata. Wallahi, tulicheka palepale msibani, na mimi mjane nilicheka kuliko wote. Alikuwa anaiba kweli."

Boti ilipoleta karatasi, tukashika njia ya kusini. Ilipanda vilima, ikashuka, ikapanda tena, na kila ikipanda ziwa lilionekana chini upande wa kushoto, kama linatusindikiza. Mahali pa mteremko mkubwa nilishuka na kutembea, Mujomba akiizuia pikipiki kama mtu anayemvuta mbuzi. Tulifika Mpala watu wakitoa mitumbwi majini. Kanisa la zamani la mapadri lilikuwa bado jekundu, na nkambo, mama yake mama, alikuwa uani anamenya mihogo. Aliacha kisu, akanipapasa kichwa, uso, mabega, kama anahesabu kama nimerudishwa mzima.

"Joreti wangu," akaniita, maana Georgette halimkai mdomoni. "Na weye Kabwe, umekonda. Wanakula nini kule Kongolo, maneno?"

Tulikula samaki waliovuliwa siku ile. Shangazi Mado, dada mdogo wa babu, anayekaa naye, alileta maji. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Mujomba alipotundika shuka lake la Ulaya kati ya nyumba na jiko. Nkambo aliliangalia shuka, akamwangalia mwanawe, akarudi kwenye mihogo.

"Ile kamashini irudishe kwenye begi."

"Mama, ni foto moja tu. Ya ukutani. Dada anataka kukuona."

"Mama Suzana, walikuja watoto wake wa mjini, wakamupiga foto Pasaka. Pentekoste tukamuzika. Papa Kasongo, foto Jumapili, na ile foto ikatangulia sanduku yake kabla mihogo haijakauka. Mimi si mujinga, Kabwe. Munakuja kunipima sanduku."

"Hapana, mama! Ni ya ukutani, naapa..."

Niliona ananyoosha uongo wake kama mtu anayenyoosha shuka lenye mikunjo. Mdomo wangu haukungoja.

"Nkambo, ni ya matanga."

Kuku wenyewe walisimama. Shangazi Mado alishika kichwa. Mujomba alinitazama kama nimemuuza.

"Babu alikwenda na foto ya kadi," nikaendelea, maana nilikuwa nimekwisha kuanguka, afadhali nifike chini. "Watu wakasema mwizi. Mimi njo niliibeba. Mama hapendi weye pia wakuseme."

Nkambo hakuwahi kufika kwenye matanga, njia ni ndefu. Alikuwa hajawahi kuambiwa habari ya picha ile. Alimenya muhogo mzima mpaka mwisho, akautupa kwenye beseni.

"Walimwita mwizi? Mume wangu?"

"Mama mmoja tu, nkambo. Na alikuwa na meno mabaya."

Akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Huyu mutoto angalau anasema kweli. Sawa. Tutapiga. Lakini nani aliwaambia mimi njo wa kwanza? Kifo kinasoma mvi? Mado, leta kiti. Kabwe, kaa."

"Mimi?"

"Weye. Ya kwako ya mbele ya sanduku. Joreti atabonyeza."

Mujomba alikaa. Mtu aliyewapanga maelfu ya watu mbele ya shuka lile hakujua mikono aiweke wapi. Nkambo akamsimamia: "Nyoosha shingo. Usicheke, watu wanalia mbele yako. Fikiri mambo mazuri uliyofanya." Akangoja kidogo. "Kama hakuna, fikiri mama yako." Nikabonyeza. Shangazi Mado akafuata, akiomba kwanza avae kitambaa kizuri.

Halafu nkambo akanigeukia mimi.

Nilikwenda nikijifanya jasiri, nimekwisha kutayarisha sura ya kuwachekesha. Nikakaa. Mbele yangu kulikuwa na lile jicho dogo jeusi la kamera, na nyuma yake nkambo amesimama, mikono ameikunja, ananitazama kama watu wanavyotazama picha iliyotangulia sanduku. Hapo niliona upande wa pili wa ile picha niliyoibeba. Nilimwona mama yangu amesimama pale aliposimama nkambo. Sura yangu ya kuchekesha ilitoroka, sijui ilienda wapi, na Mujomba akabonyeza nikiwa hivyo, uso mtupu.

"Vizuri," akasema nkambo, kwa upole. "Sasa mimi."

Alilikataa koti la buluu, akakataa poda ya Shangazi Mado. Alikaa wima kama nguzo ya kanisa. Mujomba akainua kamera, akaishusha. Akafuta kioo chake. Akainua tena, akaishusha, akafuta macho. Mara ya tatu mabega yake yakaanza kuruka.

"We Kabwe! Unalia nini? Bado niko hapa! Piga, bukari inapoa!"

Na aliposema hivyo akajisikia mwenyewe, na kicheko kikamshika, kikubwa, cha tumbo, macho yamefungwa, mkono umepiga goti, lile jino lake la juu peke yake limejitokeza kuangalia kuna nini. Mujomba alishtuka, kidole kikabonyeza. Paa.

Nkambo akasimama. "Imekwisha."

"Mama, ile haikuwa nzuri, tupige nyingine..."

"Ulisema moja. Munataka kuniua mara mbili?"

Siku zilizofuata tulimbembeleza wote, mpaka kwa samaki. Hakukubali. Asubuhi ya kuondoka alitusindikiza mpaka barabara inapoanza kupanda, na nilipogeuka alikuwa bado amesimama, mdogo, hapungi mkono, anatazama tu.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Kalemie tulichapisha zote kwenye karatasi ile ya boti, tukainunulia ya nkambo fremu. Mujomba hakuwa na raha: mama aliagiza picha ya heshima, tunamrudishia bibi anayecheka kama mlevi wa Krismasi. Kuhusu nilichojifunza, maana najua mwalimu atauliza: wakati wote nilifikiri picha ile inapigwa kwa ajili ya anayekwenda. Nimekaa kwenye kiti chake, najua sasa inapigwa kwa ajili ya anayebaki amesimama.

Kongolo, mama alitupokea mlangoni na hakutuuliza hata habari za njia. Akachukua bahasha kwanza. Akaona ya Mujomba, ya Shangazi Mado. Akafika kwenye yangu, ule uso mtupu mbele ya maghorofa ya Ulaya.

"Na hii?"

"Nkambo alisema tukae wote."

Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Aliipindua kifudifudi juu ya meza, akaweka kiganja chake juu yake, na kwa mkono mwingine akafunua fremu iliyofungwa gazeti. Nkambo akatoka, anacheka. Mama alimtazama mpaka nikaanza kuhesabu mabati. Jirani aliyekuja kutusalimu akachungulia juu ya bega lake.

"Ee, hii si ya kutanguliza mbele ya sanduku. Watu watacheka."

"Kweli, haifai," mama akasema. Alikuwa anacheka tayari, machozi yanashuka, kicheko kile kile cha tumbo. "Basi itabidi asikufe."

Akaenda kutafuta msumari.