Tisheti Niliyompa Mke Mwenzangu

Siku ya kugawa nguo za mwanangu nilimpa mke mwenzangu ile mbaya kuliko zote. Nilifanya makusudi. Sitasema hapa ati huzuni ndiyo ilinichanganya.

Tulikuwa tumemzika nyumbani, huko magharibi. Baada ya kunyolewa nywele za msiba, jamaa waliketi uani kama desturi yetu ilivyo, na mjomba wake akawa anatoa nguo sandukuni moja moja, anainua juu, ananiuliza iende kwa nani. Mke mwenzangu aliketi karibu na mlango. Kule mjini yeye alikuwa na nyumba yake Kawangware, pale stendi ya 46, mimi yangu Mashimoni, kule Kibera. Mume wetu akiwa hai aligawa wiki kati yetu, na siku zilizopungua zilikuwa zangu kila mara. Hata kijana wangu alipokua alipenda kwenda kukaa Kawangware, ati chapati za huko ni laini. Nimzae mimi, asifu chapati za mwingine.

"Mkubwa," akaniambia mbele ya watu wote, "kama inawezekana, nipe ile koti ya ngozi. Alikuwa anaivaa akija kwangu."

Koti nikalivuta nikalikalia. "Mpe hiyo tisheti," nikamwambia mjomba.

Tisheti yenyewe ilikuwa ya kundi lao la hip-hop. Walikuwa vijana wanne, na kwa kila shoo waliuza tisheti nyeusi walizochapa wenyewe kwa rangi nyeupe: jina la kundi kifuani, vichwa vinne chini yake, kimoja kikubwa kuliko vingine kwa sababu mwenye hicho kichwa ndiye aliyechora. Zilizokosa mnunuzi zilikaa chini ya kitanda changu. Nilipangusia sakafu moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Hii aliyokuwa akivaa mwenyewe ilichanika kwapani nikaishona kwa uzi wa kijani, maana mweusi ulikuwa umeisha.

Mwaka huu, miaka mingi baada ya mazishi, msichana mmoja alibisha mlangoni kwangu, akaniita shosho kama wanavyoita bibi zao.

"Sasa, shosho? Tunafungua makumbusho ya hip-hop ya hizi mitaa zetu, pale Riruta. Tunatafuta vitu vya lile kundi la vijana wanne, tumeambiwa walikuwa wanakuja hapa kwako. Kanda, kofia, tisheti, hata kama imechakaa."

Nikamtolea koti. Ngozi ilikuwa imebambuka yote na panya walikuwa wamekula mfuko mmoja.

"Pole, shosho. Koti kila mtu alikuwa nayo. Tisheti zao ndizo hazionekani tena. Tumepata moja tu, Kawangware."

Sikumuuliza kwa nani.

Siku ya kufungua nilienda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kusema. Nikaikuta imetandazwa ndani ya kioo, taa juu yake, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Kitu nilichokuwa nakipangusia sakafu! Chini yake palikuwa na karatasi. Kusoma kwangu ni kwa shida, kwa hiyo nikamwambia yule msichana anisomee.

"Tisheti ya mwanakundi. Imetunzwa na mama yake, Kawangware."

Mama yake. Na huyo mama alikuwa hapo hapo, amefunga kitambaa kipya kichwani, watu wanampiga picha.

"Uliitunza aje, mama?" mmoja akamuuliza.

"Kwa mfuko wa nailoni, na majani ya mwarobaini ndani. Kila Krismasi naitoa ipate hewa, narudisha."

Kila Krismasi. Nilitamani kioo kile kipasuke. Nilitaka jambo moja tu, watu wale wajue kijana alitoka kwa tumbo gani, na nguo ile ilipita kwa mkono wa nani.

Msichana akaanza kuwaeleza wageni. "Mnaona hapa kwapani? Uzi wa kijani. Sisi tunafikiri ulikuwa mtindo wao."

Nikafungua mdomo.

"Wee, mtindo gani?" akasema mke mwenzangu. "Huo ni mkono wa mama yake. Huyu hapa, amesimama nyuma yako. Mimi hata kifungo sijui kushona. Badilisheni hiyo karatasi. Mimi niliiweka tu, na yeye ndiye alinipa."

Simu zote zikageuka kwangu. Hakusema nilimpa kwa roho gani, na anajua vizuri kabisa. Maneno niliyobeba kutoka Kibera aliyasema yeye, tena akanishinda kuyasema, na nikabaki na mdomo wazi kama mtu anayesubiri kulishwa.

Msichana akaandika karatasi nyingine hapo hapo. Nilisimama kando yake mpaka akaibandika, kisha nikamwambia anisomee mara mbili. Jina langu lilikuwa juu, la mke mwenzangu chini. Hata hivyo moyo haukutulia.

"Umeridhika, mkubwa?" mke mwenzangu akaniuliza. "Haya, twende kwangu. Unga nimeacha nimeukanda."

Nilienda. Nilikula chapati tatu. Ni laini kweli. Hilo sikumwambia.