Sura ya Bibi Niliyoifuta

Siku zile nazikumbuka mpaka leo, mwanangu, kila nikiwasha kompyuta. Nilikuwa msichana wa chuo, tunakaa mji wa Ibra, huku Uarabuni, na mjomba wangu alikuwa ameniletea kibao cha kuchorea kutoka Dubai. Unachora juu yake kwa kalamu yake, mstari unatokea kwenye kompyuta. Miaka ile ya elfu mbili mtaani kwetu hakikuwa na mwenzake. Nilitaka kuwachora watu wa hadithi za bibi yangu, na wa mwanzo awe Bibi mwenyewe.

Bibi alizaliwa Unguja, na kupigwa picha hakukutaka. Alikuwa na ile ya pasi ya kusafiria tu, amenuna kama mtu aliyeitwa polisi. Lakini mie alinikubalia.

"Wewe nichore, mkono wa mjukuu si kamera," aliniambia. "Njoo kila siku baada ya Alasiri, tunywe kahawa, uchore shwaya shwaya, kidogo kidogo."

Saa hizo yeye hushona kofia, na hakuwa akipitisha siku bila kushika sindano, hata akiwa na homa. Kofia yake ya kwanza, alinihadithia, Babu aliivaa kwa kumhurumia tu. "Mwanzo kokochi, mwisho nazi!" akacheka. Na akicheka, jicho moja hufumba lote, jingine hubaki linakutazama. Jicho hilo la kufumba ndilo nililolitaka.

Siku ya kwanza pua ilikuja ya mtu mwingine. Nikabonyeza, nikafuta. Nikachora tena, nikafuta tena. Karatasi angalau huisha. Kompyuta hukupa mpya mpaka uchoke wewe.

"Mbona hunioneshi?" Bibi akauliza.

"Bado, Bibi, sijaweza."

"Basi nioneshe huko kutoweza kwako. Kofia yangu ya kwanza sikuifumua, mama. Ningeifumua, ya pili ningejifunzia wapi?"

Niliona haya, sikumwonesha. Nikaanza kungoja: ningoje programu nzuri zaidi, ningoje likizo, ningoje mkono ukae sawa. Nilidhani ustadi huja wenyewe kama mgeni. Na Bibi kila Alasiri hujitengeneza, huvaa mtandio wake mzuri, huniuliza, "Leo vipi, yallah?" Nami, "Kesho, inshallah." Mwisho akaacha kuuliza. Hilo, mwanangu, ndilo linaloniuma kuliko yote.

Bibi alifariki mwezi wa Rajabu, baada ya kuugua siku chache. Hitima ilipokwisha nilikaa na kibao nimchore. Mkono ulikuwa mzito, haujui njia. Nikatafuta michoro ya zamani, sikukuta hata mmoja. Nilikuwa nimeifuta yote kwa sababu ya pua! Ingekuwepo ile mibaya, ningelichukua jicho huku, kidevu kule, nikampata.

Tangu hapo nachora kila siku baada ya Alasiri, wala sifuti. Leo mtu nikimwona soko la Jumatano, nikirudi nyumbani namtoa mwenyewe hasa. Lakini Bibi hanijii. Sauti yake ninayo, harufu ya udi wake ninayo, ila lile jicho lililokuwa likifumba, sikumbuki lilikuwa la kulia au la kushoto. Majuto ni mjukuu, na mjukuu ndiye mie. Imebaki ile picha ya pasi, na watoto wa ndugu zangu wanaiogopa. "Bibi alikuwa mkali," wanasema. Mwanamke aliyekuwa akicheka vile!

Basi mwanangu, usingoje kujua ndipo uchore. Chora leo uso mmoja, kesho mwingine, hata ukiwa na robo saa tu. Chora vibaya na uiweke michoro yako mibaya, maana kesho utajifunzia hiyo hiyo. Na aliyekukalia mbele umchore, mwoneshe ulichopata, hata kama pua si yake.

Mungu akupe mkono usiochoka na moyo usioona haya. Akuwekee wapenzi wako, na wakikuuliza "Leo vipi?" uwe na cha kuwaonesha. Amin.