Kikombe Kikikufikia Kesho

Nakumbuka siku ya koito yangu, siku waliyokuja kuniposa, na nikiikumbuka hasira inanipanda mpaka leo. Unacheka? Haya, cheka. Jana umekuja kuniambia mimi nyanya yako kwamba umejibu maswali kwenye simu, yakakuambia wewe ni mtu wa aina adimu. Ati kesho dada yako akiposwa utakataa maziwa ya mursik mbele ya wageni, ujirekodi. Woiye! Kaa chini, mwanangu.

Hapa Kimulot tulikuwa na jirani, Cheruiyot. Alivaa gambuti za shambani hata kanisani. Sisi wote tukianza kuchuma chai juu ya mteremko, yeye alianzia chini, akiongea na miti ya chai kama watu wa kwao. Tulimcheka, wala hakujua anachekwa. Aliumbwa hivyo tu. Sasa kaka yangu Wesley akaona Cheruiyot anatajwa kila mahali, naye akanunua gambuti. Lakini akizivaa, kazi ni kugeuka-geuka aone nani anamtazama. Debe tupu haliachi kuvuma.

Basi wageni wakaja. Nilimpenda yule kijana aliyekuja kuniposa, sikufichi. Maziwa ya mursik yakamiminwa, kikombe kikazunguka. Mila unaijua: wa nyumbani akikataa kunywa, amewakataa wageni. Kikamfikia Wesley, akasimama.

"Mimi si kama nyinyi. Vitu vya kila mtu sinywi!"

Akangoja kicheko. Nani acheke? Baba wa kijana akachukua kofia yake, wakaondoka wote, na hawakurudi tena.

Kogo, nyanya yetu, alimshika Wesley sikio, mtu mzima vile. "Mjinga wewe! Cheruiyot amekaa hapo kando yako. Maziwa yanamuumiza tumbo tangu utotoni. Umewahi kumsikia akitangaza? Amelowesha midomo, akampa mwenzake kikombe, basi!"

Na jioni, macho yangu yamevimba kwa kulia, naingia jikoni namkuta nani? Wesley. Peke yake, anamalizia kibuyu kizima cha mursik. Ningempiga na mwiko.

Sikiza basi, mwanangu. Kuwa tofauti si kosa. Cheruiyot hakumkosea mtu. Lakini kabla hujafanya vituko vyako, jiulize: kama hakuna anayeniangalia, ningefanya hivi? Kama hungefanya, hiyo si tabia yako, ni njaa ya macho ya watu, na hiyo njaa haishibi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kesho kikombe kikikufikia, kunywa. Mursik unaipenda, nimekulea mimi, usinidanganye. Dada yako anampenda huyo kijana vile nilivyompenda wangu.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe moyo unaotulia hata pasipo makofi. Na hiyo simu lete hapa. Nitakurudishia wageni wakishaenda.