Pikapu Inayosimama Penye Ukuta wa Buluu

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa zuri, na halikuwa limetumika tangu aache shule. Gereji nzima ilimwita Bisibisi, kwa sababu kabla ya kufungua giaboksi yoyote aliigusisha ncha ya bisibisi ndefu, akaweka mpini sikioni, akasikiliza kama shangazi mlangoni kwa wapangaji. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuliita gari bovu bila kutaja kilichoharibika. Wenzake wakimwambia mteja kwamba gari "limechoka tu", yeye aliguna. Maneno hayo, alisema, ni ya watu wasio na tochi.

Mdogo wake wa kike alikuwa amepata kazi ya kupeleka mikate hospitali kuanzia Jumatatu, na gari hana. Pikapu pekee aliyoimudu bei ilikuwa ya otomatiki, iliyotumika, safi kuliko umri wake. Mwenye nayo aliileta Ijumaa asubuhi. Alikuwa amemkodi dereva, na yeye mwenyewe amekaa nyuma penye mizigo, juani, ingawa kiti cha mbele kilikuwa kirefu na kitupu.

"Ina kasoro ndogo," alisema. "Husimama kidogo njiani."

"Kaka, niambie ndiyo au hapana," mdogo mtu alisema. "Hotuba sitaki."

"Hotuba ni bure."

"Ndiyo maana."

Bisibisi alianza kwa kukagua kosa la watu wote, akalikuta: oili ilikuwa imepimwa injini imezimwa. Giaboksi ya otomatiki hupimwa ikiwa ya moto, injini ikiunguruma. Alipopima hivyo akakuta oili imepungua. Jambo likaeleweka: penye mwinuko oili hukimbilia nyuma, gia zikakosa nguvu. Akajaza. Oili ilikuwa nyekundu, haina harufu ya kuungua. Kompyuta haikuona hitilafu. Akaondoka kuijaribu, moyo umetulia.

Barabara ya hospitali ni moja, tambarare, na katikati yake kuna ukuta wa buluu usio na nyumba nyuma yake. Hapo gia ziliachia. Injini ikanguruma, gari likasimama. Bisibisi akahesabu hadi saba. Kisha bodi ikalalia upande wa abiria, taratibu, gia zikashika, safari ikaendelea.

Akarudi, akapita tena. Saba. Mara ya tatu alikanyaga mafuta apite kasi. Pikapu ilipunguza mwendo yenyewe, kwa adabu.

"Giaboksi ni nzima," alimwambia mdogo wake.

"Basi ni ndiyo!"

Bisibisi akapima oili tena.

"Kaka, Jumatatu hainisubiri. Imeharibika nini?"

"Hakuna kilichoharibika."

"Sasa uso huo wa nini? Lete ufunguo, niendeshe mwenyewe."

Bisibisi alipanda pamoja naye. Mdogo mtu aliendesha akipiga mluzi, akiisifu breki, akimtania kaka yake kwamba uzee umeanzia masikioni. Penye ukuta wa buluu pikapu ilisimama. Bisibisi alihesabu kimoyomoyo. Bodi ikalala, gia zikashika.

"Sogea basi," mdogo wake alisema, macho barabarani. "Unanibana."

Bisibisi alikuwa amebanwa mlangoni, mpini wa kufungulia kioo ukimchoma mbavu. Dada akageuka, akaona pengo kati yao, nafasi ya kumtosha mtu mzima. Mluzi haukuendelea.

Walirudi gereji. Dada akachomoa ufunguo, akashuka kabla injini haijatulia, akamkabidhi mwenye pikapu, aliyekuwa akiwasubiri, kwa mikono miwili.

"Hapana, baba. Asante. Mikate nitaibeba kwa baiskeli."

Bisibisi alijiandaa kuulizwa kilichoharibika, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa tayari kusema limechoka tu. Lakini yule bwana hakuuliza hilo. Aliinama, akachungulia kiti cha mbele kupitia dirishani, kisha akawatazama mmoja mmoja.

"Ameshukia wapi?"

Kaka na dada wakatazamana. Bodi ilipolala waliihisi wote wawili. Ikiinuka tena, hakuna aliyeihisi.