Udongo wa Taj Mahal

Kiswahili kikisikika ndani ya basi la Mississauga, huku ugenini, masikio yangu hayaombi ruhusa. Jumanne nilikaa nyuma ya bibi mmoja Mhindi, mzaliwa wa Tanga, na dada Mkongo anayemhudumia. Bibi alikuwa akimwonyesha picha kwenye simu.

"Mungu wangu! Kaburi zuri hivi, mbona wanalipaka matope?" dada akauliza.

"Hiyo Taj Mahal, mwanangu. Mfalme alimjengea mkewe. Marumaru imekuwa njano kwa moshi wa mji, basi wanaipaka udongo, ukikauka wanauosha kwa maji. Udongo uleule tuliokuwa tukijipaka usoni kabla ya harusi."

Dada akacheka. Bibi akatazama dirishani. Alisema mwaka jana alikwenda Tanga, akakuta jiwe la marumaru la kaburi la mumewe limekuwa njano vilevile. Akalisugua pembeni kwa ndimu, kama anavyosugua masufuria yake. Ndimu ikaula mng'aro wote wa pembe ile.

"Kwa mikono yangu mwenyewe," akasema, akivigeuza viganja.

Kisha akafungua mkoba na kumwonyesha dada pakiti ya udongo. Mpwa wake anasafiri kwenda Tanga Jumamosi.

Taj Mahal ina serikali nzima na wataalamu wake. Kaburi la Tanga lina mpwa mmoja na pakiti moja, na sioni kama limepungukiwa.

"Nilipokuwa nikijipaka, mzee alikuwa ananicheka," bibi alisema akifunga mkoba. "Sasa na yeye apakwe."