Nilianzisha chaneli ya gemu Bariadi, mama mwenye nyumba akaniitia mwenyekiti wa mtaa

Wakuu, kwema huko?

Kila nikiingia humu nakuta mtu anauliza, "Nataka kurekodi video za gemu niweke mtandaoni, nianzie wapi?" Majibu ni yale yale. Nunua simu kali, nunua taa, nunua maiki. Hakuna anayemwambia mwenzake habari za mama mwenye nyumba.

Mimi ni wa kike, nimepanga chumba Bariadi mjini, nauza kwenye duka la dawa za mifugo. Nawasimulia yaliyonikuta kama yalivyokuwa. Wale wa kusema "hii chai", yaani nimetunga, mje na vikombe vyenu kabisa, ila mji wenyewe ni mdogo, ukiulizia mtaani kwetu utaonyeshwa mpaka dirisha.

Gemu ninalocheza ni lile la kushuka kwa parachuti kwenye kisiwa, mnaokota bunduki, mnapigana mpaka ibaki timu moja. Nalicheza kwenye simu ya kawaida tu.

Video zangu za mwanzo nilikuwa naongea Kiingereza cha puani. "What's up guys, welcome back to my channel." Welcome back wakati ni video ya kwanza, sijui nilikuwa namkaribisha nani tena.

Binamu yangu wa Nyashimo akaangalia, akanipigia simu ana wasiwasi kweli.

"Dada, unaumwa mafua?"

Nikaacha siku hiyo hiyo. Ongea unavyoongea siku zote. Mimi nikishtuka huwa napiga kelele Kisukuma, "Mayu wee!", yaani mama wee, na hapo ndipo watu walipoanza kucheka na kubaki.

Sasa jambo kubwa ambalo wanaoanza hawalijui ni SAUTI.

Picha ikiwa mbaya mtu atavumilia. Sauti ikiwa mbaya anaondoka kabla hujamaliza kusalimia. Chumba changu hakina dari, ni bati tupu, kwa hiyo kwenye video nilikuwa nasikika kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa.

Nikasoma mahali kwamba nguo nzito zinameza mwangwi. Nikatundika blanketi dirishani, blanketi jingine mlangoni, godoro nikaliegemeza ukutani. Sauti ikawa nzuri mpaka nikajishangaa.

Tatizo ni joto. Jua la Bariadi mnalijua, halafu uko ndani ya bati na mablanketi.

Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya Mama Kabula, mwenye nyumba wangu. Ni mama wa kanisani, mjane, ana sheria moja kwa wapangaji wa kike: mwanaume haingii ndani. Sasa anaona binti anarudi kazini, anajifungia mchana kweupe, anaziba dirisha kwa blanketi, anapiga kelele, halafu anatoka amelowa jasho huku anatabasamu.

Mimi ningekuwa yeye ningeita polisi.

Hapo bado sijawaambia kuhusu Komando.

Komando nilikutana naye humo humo kwenye gemu. Tulipangwa timu moja, tukashinda, tukaanza kucheza pamoja kila Jumapili. Nilichojua ni kwamba yuko Lamadi na ana biashara ya samaki. Sauti yake, wakuu, ni nzito, ina mikwaruzo, na haongei maneno mengi. Anasema, "Mdogo wangu, kaa nyuma yangu," na kweli unakaa nyuma yake na unakuwa salama.

Nisiwafiche. Ile sauti nilishaanza kuipenda. Jumapili nilikuwa napaka mafuta na kuvaa hereni kwa ajili ya mtu asiyeniona.

Basi, Jumapili moja mchana nikaenda laivu. Watazamaji walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na binamu akiwemo. Waya wa headphone ulikuwa umekatika, nikasema si neno, naweka loudspeaker.

Hilo ndilo kosa ambalo mwanafunzi yeyote wa kazi hii asilifanye. Mpaka siku hiyo Mama Kabula alikuwa anasikia kelele zangu tu. Sasa akasikia na za Komando.

Tulikuwa tumejificha kwenye nyumba moja ya ghorofa ndani ya gemu, maadui wametuzunguka. Maongezi yalikuwa hivi, neno kwa neno, maana rekodi ninayo:

Mimi: "Kaa humo humo chumbani, usitoke! Nje kuna watu!"

Komando: "Nimeishiwa nguvu, mdogo wangu."

Mimi: "Pumzika kidogo tutaendelea!"

Komando: "Wanakuja mlangoni. Ruka dirishani!"

Mama Kabula alikuwa uani anaanika mchele. Aliposikia dirishani, hakuja mlangoni. Alizunguka nyuma ya nyumba na mwiko wa ugali mkononi, akasimama chini ya dirisha langu kumsubiri mwanaume aruke. Mtoto wake wa kike, Kabula, akatumwa kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye anakaa nyumba ya tatu.

Mimi sina habari. Nina vita.

Mara mlango unagongwa. "Fungua! Mwenyekiti hapa!"

Nilifungua simu ikiwa mkononi, laivu inaendelea na kamera ya mbele imewashwa. Mwenyekiti, mzee mmoja mnene mwenye heshima zake, kaingia na fimbo. Mama Kabula naye kafika mbio kutoka nyuma, mwiko juu.

"Yuko wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Nani, mzee? Shikamoo."

"Marahaba. Huyo uliyekuwa unamwambia asitoke."

Mama Kabula keshainama chini ya kitanda. Anavuta ndoo, anavuta viatu, anavuta begi. Mwenyekiti anafunua blanketi la dirishani taratibu kwa ncha ya fimbo, kama mtu anayeangalia kama nyoka kafa.

Nikiwa nimeganda hivyo hivyo, loudspeaker ikanguruma:

"MDOGO WANGU, YUKO NYUMA YA MLANGO! MPIGE!"

Wakuu, mwenyekiti aliruka. Mzee wa mwili ule sikujua kama anaweza kuruka. Akageuka hewani, akaupiga mlango fimbo, fimbo ikavunjika. Mama Kabula akarusha mwiko, ukampata mwenyekiti begani. Mzee akaangukia godoro lililokuwa ukutani, likamfunika.

Na mimi kwenye gemu nikapigwa risasi nikafa, maana kweli kulikuwa na mtu nyuma ya mlango.

Ilibidi niketi nao niwaonyeshe simu, niwaeleze gemu ni nini, laivu ni nini. Mwenyekiti alielewa haraka, akauliza tu kama watu wamemwona akiruka. Nikamwambia wako wachache. Akavuta shati vizuri, akaikazia macho kamera, akasema, "Mtaa wetu una ulinzi imara."

Mama Kabula yeye hakuelewa, na hakutaka.

"Sauti ya mwanaume nimeisikia kwa masikio yangu. Simu haichoki. Huyu alisema amechoka."

Kumbe akiwa bado anasubiri chini ya dirisha alikuwa keshampigia kaka yangu Masanja, kule nyumbani Mwanhuzi. Ndiye aliyenidhamini wakati napanga, namba yake anayo. Alimwambia maneno machache tu: "Dada yako anafuga mwanaume chumbani."

Kaka Masanja ni mfugaji, mtu wa maneno mafupi. Kesho yake alishuka kwenye basi, akaja moja kwa moja dukani ninapouza na koti lake la mvua wakati hakuna wingu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Nikamwonyesha video. Aliangalia bila kucheka, hata pale mwenyekiti anaporuka. Alipomaliza akanirudishia simu.

"Huyu anayesema ruka dirishani ni mtu au si mtu?"

"Ni mtu, kaka. Yuko Lamadi."

"Basi aje ajitambulishe. Kuna watu wa posa wanauliza habari zako nyumbani. Niwaambie nini? Kwamba unaishi na sauti?" Akafunga kifungo cha koti. "Asipokuja, unafunga mizigo twende Mwanhuzi."

Hapo utani ukaisha, wakuu. Mwanhuzi ni nyumbani na napapenda, ila kazi yangu iko Bariadi, na chaneli ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kusimama. Nililia stoo katikati ya mifuko ya chumvi ya ng'ombe.

Nikampigia Komando. Nikamweleza yote, mwenyekiti, mwiko, kaka. Upande wa pili nikasikia kicheko cha chini.

"Nakuja, mdogo wangu. Mwambie kaka yako asiondoke."

Hapo moyo ukaanza kufanya mambo mengine. Niliomba ruhusa dukani, nikasuka nywele upya, nikaazima gauni. Nikawa najiambia, kumbe shari nyingine zina heri yake ndani.

Siku ya kuja, tumekaa uani. Kaka kwenye kiti, mwenyekiti kaja na fimbo mpya, Mama Kabula kavaa nguo za kanisani kama anakwenda kutoa ushahidi. Mimi nachungulia getini.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mama mmoja mrefu, kitenge cha bluu, kilemba, ana ndoo ya samaki kichwani. Nikadhani ni mfanyabiashara anapita. Nikataka kumwambia leo hatununui.

Akatua ndoo, akanitazama, akafungua mdomo.

"Mdogo wangu. Uko mzima?"

Ni sauti ile ile. Nzito, ya mikwaruzo, ya Komando.

Nililolisema ni "Mayu wee!" tu. Nywele zimesukwa bure.

Jina lake ni Mbuke. Ni mjane, ana watoto wawili, anauza sangara na dagaa Lamadi. Sauti amezaliwa nayo. Anasema alipoanza kucheza akajitambulisha kama mwanamke, wanaume kwenye timu wakawa wanamtongoza badala ya kupigana. Akajiita Komando, akakaa kimya, akapata amani.

"Hukuniambia," nikamlalamikia.

"Hukuniuliza."

Ni kweli. Ningekuwa nimeuliza, ningejua. Nilikuwa nimeshajijibu mwenyewe.

Mama Kabula akasimama. Hakubali.

"Nenda nyuma kule dirishani. Sema kama ulivyosema Jumapili."

Mbuke hakubisha. Akazunguka nyuma ya nyumba, sisi tukabaki uani. Mwenyekiti kashika fimbo kwa mikono miwili. Tukasikia:

"WANAKUJA MLANGONI! RUKA DIRISHANI!"

Mpangaji wa chumba cha pembeni, mwalimu mmoja mpole aliyekuwa anaoga, akatoka mbio na taulo na povu mpaka barabarani.

Mama Kabula akaketi, akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Mwenyekiti akafuata. Kaka Masanja hakucheka, ila niliona anaangalia ile kona ya nyumba mpaka Mbuke alipotokeza.

Tukala samaki wote, na mwalimu pia alipovaa.

Turudi kwa mnaoanza.

Headphone nzima ni muhimu kuliko taa. Kabla hujarekodi, waambie unaoishi nao unafanya nini, waonyeshe kabisa, usingoje waulize. Mimi siku hizi nagonga kwa Mama Kabula nasema, "Mama, naingia vitani," ananijibu, "Haya, uue vizuri."

Halafu views. Mtu alikata kile kipande cha mwenyekiti akiruka, kikazunguka kwenye magroup ya Bariadi yote mpaka Maswa. Nikapata wafuasi wengi kwa mkupuo, nikajiona nimetoboa. Wiki iliyofuata nimeenda laivu, comment zote: "Mwenyekiti yuko wapi?" Nacheza vizuri kuliko siku zote, wananiuliza mwenyekiti. Baada ya muda wakaondoka. Waliobaki ni wale wanaopenda namna mimi na Mbuke tunavyobishana, na hao ndio ninaowarekodia. Tukio likikuletea watu lifurahie, ila usikae unasubiri jingine. Na tafadhali usilitengeneze, mwenyekiti atakuja kuvunjika kiuno kweli.

Sasa kuna jambo linaendelea, na ndilo hasa limenifanya nifungue uzi huu.

Siku ile nilimsindikiza kaka stendi. Basi linataka kuondoka, ameshaweka mguu mlangoni, akaniuliza bila kunitazama:

"Huyu Mbuke, lile gemu linapatikana wapi?"

Kaka yangu ambaye alikuwa na simu ya vitufe na tochi amenunua smartphone. Yuko kwenye timu yetu. Anacheza vibaya sijawahi kuona, anakufa wa kwanza kila mara, na katikati ya mapigano anasema, "Ngojeni kwanza, ndama katoka."

Mimi nikifa, Komando ananiambia nicheze kwa akili. Kaka akifa, Komando anavuka kisiwa kizima chini ya risasi kwenda kumwinua.

Na wiki iliyopita kaka alipanda basi akaenda Lamadi. Anasema alikwenda kuangalia bei ya dagaa.

Wakuu, kwetu ni ng'ombe tangu babu. Hatujawahi kuuza dagaa hata kisado.

Wenye maswali ya kurekodi ulizeni, nitajibu nikitoka dukani. Ila waliowahi kupata wifi kupitia gemu waje kwanza, maana mimi sijui nianze kumwita dada, wifi, au niendelee na Komando.