Bibiana na Nyundo Mpya za Mashine

Tangu mkewe Bibiana azikwe, Melkior husema kidogo. Ila akisikia mashine ya kusaga ikinguruma, mawazo yake hurudi mwaka wa sabini na tano.

Mwaka huo mkewe ndiye alikuwa na ufunguo wa mashine ya kijiji cha Kasokola. Yeye Melkior alikuwa mkulima tu. Kwenye mashine kazi yake ilikuwa moja: kula. Kila kifaa kipya kilipofungwa, Bibiana alisaga kwanza debe la mahindi yake mwenyewe, akasonga ugali, akamwekea mumewe. Melkior akila bila neno, kesho yake watu wanafunguliwa mashine.

Ndipo mwenyekiti Lyamba akaleta nyundo mpya, vile vyuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi.

"Kesho asubuhi mashine ingurume na hizi."

"Nitazijaribu kwanza, mwenyekiti."

"Ujaribu nini? Kijiji cha Magamba zimekubali!"

"Mashine ya Magamba ni ya kijani, yetu nyekundu. Hazikuzaliwa tumbo moja."

"Mama Oswaldi, wewe unasaga au unapiga ramli? Kesho isiponguruma, ufunguo nampa mwingine."

Bibiana akazifunga, akasaga, akasonga. Melkior akatafuna. Kitu kikakwaruza jinoni. Akaukumbuka ufunguo ambao Lyamba angempa mwingine; mkewe alikuwa akilala nao, umefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Umenyamaza. Ni mzuri?"

Alitaka kuitikia. Akaona mkewe anavyomtazama, akashindwa kumdanganya.

"Ugali una chuma, mama Oswaldi."

Alfajiri Bibiana akafungua mashine. Nyundo mpya zilikuwa ndefu kidogo, zimelikwaruza chekeche mpaka linang'aa. Akarudisha za zamani.

Lyamba alikuta wanawake kwenye foleni na mashine kimya. Kabla hajafoka, akawekewa sahani.

"Karibu ugali, mwenyekiti. Wa nyundo zako."

Akamega, akatafuna, akasita. Akatema kiganjani.

"Mwenyekiti, mboga hiyo au msumari?" akauliza Kasilda kutoka kwenye foleni. Wakacheka mpaka madebe yakalia.

Lyamba akajifuta mdomo. "Washa. Na hizo za zamani."

Bibiana akawasha. Akamtafuta mumewe kwa macho, akampungia mkono uliojaa unga.

"Baba Oswaldi, leo huna shamba?" akapaza sauti.

"Ninalo," alisema Melkior. Akabaki amesimama pale mpaka debe la mwisho.